Shajara ya mradi: kumsoma daktari wa maumivu kupitia data ya wazi ya Medicare

Lengo la mradi ni karatasi moja kwa kila daktari wa maumivu nchini Marekani: anafanya nini, kwa wagonjwa wangapi, anarudia mara ngapi, anafanyia wapi, anaandika dawa gani, na kampuni gani zinamlipa pembeni. Data yote ni ya bure. Swali la kama daktari ni hodari halimo, kwa sababu hakuna safu hata moja katika mafaili ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, inayosema mgonjwa alipata nafuu. Kilichomo ni madai ya malipo. Lakini madai hayo yakisomwa kwa uwiano badala ya jumla ya dola, mazoea ya daktari yanaonekana vizuri kuliko kwenye tovuti yoyote ya kugawa nyota.

Msomaji tunayemfikiria ni mtu mwenye mzazi wa miaka 70 na kitu huko Minneapolis au Houston, ambaye ameambiwa arudi kliniki kudungwa sindano ya mgongo kwa mara ya nne mwaka huu, na anataka kujua kama hiyo ni kawaida.

Ingizo la 1: mafaili

CMS, idara ya serikali inayoendesha Medicare, huweka mafaili yake data.cms.gov. Faili la madaktari lilitoka mara ya kwanza Aprili 2014 likiwa na data ya 2012. Kabla ya hapo zuio la mahakama ya Florida la mwaka 1979 lilikataza malipo ya daktari mmojammoja kutangazwa, na zuio hilo liliondolewa 2013.

Tunatumia mafaili haya: muhtasari wa kila daktari wa Sehemu B, sehemu ya Medicare inayolipia huduma za madaktari; daktari kwa kila huduma wa Sehemu B; waandikaji dawa wa Sehemu D, sehemu inayolipia dawa, kwa muhtasari na kwa kila dawa; Open Payments, yaani malipo ya kampuni za dawa na vifaa kwa madaktari; orodha ya waliofungiwa kulipwa na Medicare, ya ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya; na rejista ya NPI, nambari ya utambulisho ya watoa huduma.

Faili la daktari kwa kila huduma lina mistari inayokaribia milioni 10 kwa mwaka, karibu gigabaiti 3. Excel inakomea mstari wa 1,048,576, kwa hiyo ukilifungua humo umepoteza sehemu kubwa ya nchi. Tunalisoma kwa DuckDB, programu ya kuchambua data, safu zote zikiingia kama maandishi kwa `read_csv('sehemu_b.csv', all_varchar=true)`, kisha safu za hesabu tu ndizo zinabadilishwa kuwa namba. Sababu ni sifuri za mbele. Msimbo wa posta wa Boston 02115 ukisomwa kama namba unakuwa 2115, na misimbo ya malipo ya huduma za ganzi inayoanza na 00 au 01 inapotea vilevile. Ukishaiharibu hivyo, kuunganisha mafaili kunafeli kimyakimya, bila ujumbe wowote wa hitilafu.

Anayemtafuta daktari mmoja tu hahitaji kupakua chochote. API ya data.cms.gov, njia ya kuomba data moja kwa moja kwa programu, inakubali kichujio cha Rndrng_NPI na kurudisha mistari hadi 5,000 kwa ombi moja, na daktari mmoja hafiki hata mia kadhaa. Kupakua faili zima kuna maana pale unapotaka kumlinganisha na wenzake, na bila wenzake namba zake hazisemi kitu.

Data huja imechelewa. Ya mwaka 2023 ilitoka 2025. Daktari aliyehamia kliniki mpya mwaka jana bado utamkuta anwani ya zamani.

Ingizo la 2: kumpata daktari sahihi na wenzake sahihi

Kiungo cha mafaili yote ni NPI, nambari ya tarakimu 10 anayopewa kila mtoa huduma. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, na kuikagua kunachukua sekunde chache. Chukua mfano ambao CMS wenyewe hutumia, 1234567893. Ondoa 3 ya mwisho. Kuanzia kulia, zidisha kwa mbili tarakimu moja, ruka moja: 9, 7, 5, 3 na 1 zinakuwa 18, 14, 10, 6 na 2. Jumlisha tarakimu za majibu hayo mojamoja, unapata 23. Ongeza zilizorukwa, 8, 6, 4 na 2, ambazo ni 20. Ongeza 24 isiyobadilika. Jumla 67, ili kufika 70 inahitajika 3. Nambari ni halali. Ukaguzi huu unanasa makosa ya kunakili kutoka kwenye picha za vyeti na kadi.

Wenzake ni kazi ngumu zaidi. Medicare ina fani mbili za maumivu, nambari 72 ya udhibiti wa maumivu na 09 ya udhibiti wa maumivu kwa sindano na upasuaji mdogo. Tatizo ni kwamba madaktari wengi wa maumivu walitokea kwenye fani ya ganzi au ya tiba ya viungo, na bado wamesajiliwa huko. Faili huchukua fani iliyoandikwa kwenye madai yake mengi. Ukichuja kwa 09 na 72 peke yake unawaacha nje. Ukiingiza wataalamu wote wa ganzi unachanganya madaktari wa maumivu na watu wanaolaza wagonjwa usingizi chumba cha upasuaji siku nzima.

Tumeamua kundi la wenzake lifuate kazi, si jina la fani. Anayeingia ni daktari mwenye angalau siku-huduma 100 (mgonjwa mmoja kwa siku moja ni siku-huduma moja) kwa mwaka katika misimbo hii mitano ikijumlishwa: 62321 na 62323 za sindano ya epidura, nafasi inayozunguka uti wa mgongo, katikati ya pingili, 64483 ya sindano ya epidura pembeni ya neva ya kiunoni, 64493 ya ganzi ya viungo vidogo vya pingili za kiuno, na 64635 ya kuunguza neva za viungo hivyo. Safu ya Rndrng_Prvdr_Ent_Cd lazima iwe I, yaani mtu binafsi. Herufi O ni taasisi, na vituo vya upasuaji wa siku moja vimo kwenye faili hilihili kama taasisi, na misimbo ileile. Asiyechuja atakuta «daktari» wa ajabu anayefanya kazi ya watu kumi.

Ingizo la 3: kuhesabu bila kudanganywa

Faili linatoa namba tatu za wingi kwa kila mstari: Tot_Benes ni wagonjwa, Tot_Srvcs ni huduma, Tot_Bene_Day_Srvcs ni siku-huduma, yaani mgonjwa mmoja kwa siku moja anahesabiwa mara moja. Wengi hukimbilia Tot_Srvcs kwa kuwa ndiyo kubwa. Kwa daktari wa maumivu hiyo ndiyo namba mbaya kuliko zote.

Angalia steroidi, dawa za kupunguza uvimbe zinazodungwa. J3301 ni triamsinoloni, na kipimo kimoja cha malipo ni miligramu 10. Mgonjwa akidungwa miligramu 40 zinahesabiwa huduma 4. Tuseme wagonjwa 200 wamedungwa hivyo mara moja kila mmoja: Tot_Srvcs inasoma 800, siku-huduma inasoma 200. Deksamethasoni, J1100, ni mbaya zaidi kwa sababu kipimo chake ni miligramu 1. Dozi ya miligramu 10 ni huduma 10. Daktari anayetumia deksamethasoni ataonekana ana huduma nyingi kuliko mwenzake, kumbe tofauti ni aina ya dawa. Safu ya HCPCS_Drug_Ind ikiwa Y, mstari huo hauingii kwenye hesabu ya taratibu.

Misimbo ya sindano nayo ina mtego wake. Sindano ya pande zote mbili, kulia na kushoto, inaweza kudaiwa kama huduma moja yenye alama ya pande mbili au kama mistari miwili, kutegemea kliniki na mkandarasi anayelipa kwa niaba ya Medicare. Alama hizo hazimo kwenye faili la wazi. Siku-huduma haijali tofauti hiyo, ndiyo maana tunaitumia kote.

Wagonjwa hawajumlishwi. Mzee mmoja aliyepata 99214 (ziara ya kawaida ya kliniki), 64483 na 64635 yumo kwenye mistari mitatu. Akipata 64483 mara moja kliniki na mara moja hospitali, yumo kwenye mistari miwili ya msimbo uleule. Idadi halisi ya wagonjwa inapatikana kwenye faili la muhtasari pekee.

Halafu kuna kilichofichwa. Mstari wowote wenye wagonjwa 10 au pungufu hufutwa ili mtu asitambulike. Muhtasari wa daktari hauondoi hizo, kwa hiyo ukubwa wa kilichofichwa unapimika: chukua jumla ya malipo kwenye mistari inayoonekana, linganisha na malipo ya muhtasari. Pengo ndilo lililofichwa. Kwenye karatasi tunaliandika juu kabisa, kabla ya uwiano wowote, maana daktari ambaye sehemu kubwa ya malipo yake imefichwa hatuwezi kumsema kwa uhakika.

Pengo kubwa zaidi haliko ndani ya faili. Sehemu B hapa ni Medicare ya asili tu. Tangu 2023 zaidi ya nusu ya wenye haki ya Medicare wako kwenye mipango ya Medicare Advantage inayoendeshwa na kampuni za bima, na hao hawamo. Puerto Rico walio kwenye mipango hiyo wanapita asilimia 90, kwa hiyo daktari wa San Juan ataonekana hana kazi. CMS hutoa kila mwezi asilimia hiyo kwa kila kaunti. Tunaiweka kando ya jina la kaunti na hatulinganishi wingi wa kazi kati ya kaunti zinazotofautiana sana. Uwiano unavumilia zaidi.

Ingizo la 4: sindano

Hapa ndipo penye nyama. Kanuni za malipo za wakandarasi wa Medicare, zilizoanza 2021, zinatupa kipimo cha kawaida kilichoandikwa, hatuhitaji kubuni.

Viungo vidogo vya pingili: kabla ya kuunguza neva, mgonjwa anatakiwa apate ganzi ya majaribio mara mbili, na kila mara maumivu yapungue kwa angalau asilimia 80. Kuunguza kurudiwe tu kama mara ya kwanza kulileta nafuu ya angalau asilimia 50 kwa miezi 6 au zaidi. Ukomo ni vikao 4 vya sindano na vikao 2 vya kuunguza kwa eneo moja la mgongo ndani ya miezi 12 inayosogea. Epidura: vikao 4 kwa eneo ndani ya miezi 12, na kurudia kunataka nafuu ya asilimia 50 iliyodumu miezi 3.

Kutokana na hayo uwiano wa kwanza ni siku-huduma za 64493 gawanya kwa wagonjwa wake. Mtu asiyejua kanuni akiona 2 atasema daktari anarudiarudia sindano. Ukweli ni kinyume: 2 ndiyo namba ambayo kanuni yenyewe inazaa, ganzi mbili za majaribio kwa kila mgonjwa. Inayopaswa kuulizwa ni 3 kwenda juu, kwa sababu hapo kuna wagonjwa wanaopewa sindano ya viungo kama tiba, mara kwa mara, badala ya kama kipimo. Iliyo karibu na 1 nayo inazungumza: ama wengi wanafeli ganzi ya kwanza, na hilo ni jambo zuri la daktari anayechuja, ama kuna kuunguza kunakofanywa bila ganzi ya pili.

Uwiano wa pili unatenganisha hayo mawili: wagonjwa wa 64635 gawanya kwa wagonjwa wa 64493. Daktari anayechuja kweli atawaacha baadhi njiani. Uwiano unaokaribia 1 au kuupita maana yake karibu kila aliyejaribiwa ameunguzwa. Kabla ya kushtuka, kumbuka kwamba wanaorudia kuunguza kwa sababu ya mwaka uliopita hawahitaji ganzi upya, na kliniki ya zamani yenye wagonjwa wa kudumu itakuwa na wengi wa aina hiyo. Tunachora miaka minne au mitano mfululizo. Uwiano wa juu kwenye kliniki changa ndio wenye maswali.

Siku-huduma za kuunguza kwa mgonjwa mmoja zikiwa 2, mara nyingi ni daktari anayefanya kulia siku moja na kushoto siku nyingine. Si kosa, lakini anamaliza vikao viwili vya mwaka kwa tiba moja na mgonjwa analipa gharama yake mara mbili. Ni swali zuri la kumuuliza ana kwa ana.

Ngazi ya tatu ya pingili katika kikao kimoja, 64495, inalipwa kwa hali za pekee tu. Kwa madaktari wengi mstari huo hauonekani kabisa, kwa sababu wagonjwa hawafiki 11. Ukionekana, tunauandika kwa wekundu.

Epidura tunaijumlisha kwa eneo: kiunoni ni 62323 na 64483 pamoja, siku-huduma zikigawanywa kwa wagonjwa. Kwa kuwa wagonjwa wa misimbo miwili wanaweza kuwa walewale, tunatoa namba mbili, ya chini ikidhani wote ni tofauti na ya juu ikidhani wadogo wamo ndani ya wakubwa. Jibu liko katikati. Msimbo 64484, wa ngazi ya ziada siku hiyohiyo, tunaugawanya kwa siku za 64483. Ukiwa karibu na 1, kila mgonjwa anadungwa ngazi mbili, hata wale ambao picha ya MRI pengine inaonyesha diski moja tu yenye shida.

Usingizi mwepesi wakati wa sindano, 99152, ni ishara tusiyoitarajia kuwa na nguvu hivi. Kanuni zinasema sindano hizi kwa kawaida hazihitaji dawa ya usingizi, na kwenye ganzi ya majaribio inaharibu kipimo chenyewe kwa sababu mgonjwa aliyelegea hawezi kusema kwa uhakika kama maumivu yamepungua. Tunaigawanya kwa siku za sindano zote. Tahadhari: kama usingizi unatolewa na mtaalamu mwingine wa ganzi, madai yako kwenye NPI ya mtaalamu huyo.

Steroidi ni ya usalama zaidi kuliko fedha. Aprili 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu madhara adimu lakini mazito ya neva yanayofuata steroidi kwenye epidura, ikiwamo kupooza na kiharusi. Triamsinoloni ina chembechembe. Zikiingia kwenye mshipa wa damu unaolisha uti wa mgongo zinaweza kuuziba. Deksamethasoni haina chembe hizo. Daktari mwenye 64479, epidura ya pembeni shingoni, kliniki kwake, na ambaye kwenye faili ana J3301 tu bila J1100, anastahili swali la moja kwa moja. Ila faili haliunganishi dawa na sindano, na J3301 hiyo huenda inaishia kwenye magoti, msimbo 20610. Na hospitalini dawa humezwa ndani ya malipo ya hospitali, haitokei kabisa. Kipimo hiki kinafaa kwa mistari ya kliniki pekee.

Vichocheo vya uti wa mgongo, vifaa vya umeme vinavyopandikizwa kupunguza maumivu, vinatusumbua. 63650 ni waya, 63685 ni betri. Medicare inadai jaribio la muda kabla ya kupandikiza, kwa hiyo 63650 inahesabu majaribio na upandikizaji pamoja. Wagonjwa wa betri kwa daktari mmoja mara nyingi hawazidi 10, mstari unafutwa, na uwiano haupatikani. Hata ukipatikana, wapo wanaofanya jaribio kisha wakampeleka mgonjwa kwa daktari wa upasuaji. Tumeitoa kwenye alama, imebaki kama maelezo.

Ingizo la 5: mahali na fedha

Safu ya Place_Of_Srvc ina O kwa kliniki na F kwa hospitali au kituo cha upasuaji. Sindano ileile, daktari yuleyule: kwenye O analipwa zaidi kwa sababu malipo yanabeba nesi, sindano na mashine ya eksrei, kwenye F analipwa kidogo, halafu kituo kinalipwa kivyake katika faili lingine. Anayepanga madaktari kwa jumla ya dola za Sehemu B atamwona wa kliniki kuwa ghali, ilhali mgonjwa aliyepelekwa hospitali ndiye aliyegharimu zaidi. Tunalinganisha O na O, F na F.

Bei anayoomba daktari, Avg_Sbmtd_Chrg, tumeiacha nje ya karatasi. Haina uhusiano na kinacholipwa. Hutiwa chumvi ili mazungumzo na bima binafsi yaanze juu. Tunachotumia ni Avg_Mdcr_Stdzd_Amt, iliyoondolewa tofauti za gharama kati ya majimbo.

Kwa sindano za viungo vidogo kwenye idara za nje za hospitali, kibali cha awali kilianza Julai 1, 2023. Kwa vichocheo kilianza Julai 1, 2021. Tunatazama kama mistari ya F ya daktari inashuka baada ya hapo huku O ikipanda. F haitenganishi hospitali na kituo cha upasuaji, hivyo aliyehamia kituo haonekani kuhama.

Mwaka 2020 tumeuruka kwenye michoro yote. Kliniki zilifungwa miezi kadhaa na sindano zisizo za dharura zikasimama. Ukiuweka kama mwanzo, kila daktari ataonekana amepandisha kazi 2021.

Ingizo la 6: dawa

Faili la Sehemu D lina Opioid_Prscrbr_Rate, asilimia ya dawa za opioidi, yaani dawa kali za maumivu za jamii ya morfini, kati ya zote alizoandika. Tovuti nyingi huitangaza kama hukumu. Chukulia daktari mwenye dawa 100, 70 zikiwa opioidi: asilimia 70. Mwingine ana 4,000, opioidi 1,200: asilimia 30. Wa pili ametoa opioidi mara 17 zaidi. Daktari wa maumivu haandiki dawa za presha wala za kisukari, kwa hiyo kigawanyo chake ni kidogo na asilimia lazima ipande. Kumlinganisha na daktari wa familia ni bure kabisa.

Tunatumia vitu vitatu. Siku za dawa kwa mgonjwa: Opioid_Tot_Suply gawanya kwa Opioid_Tot_Benes, inayokaribia 365 ni wagonjwa wanaomeza mwaka mzima. Kisha Opioid_LA_Prscrbr_Rate, sehemu ya opioidi za kudumu muda mrefu mwilini. Kisha orodha ya dawa moja moja, kuona kama kuna chaguo jingine: gabapentini, pregabalini, duloksetini. Nguvu ya dozi haipatikani, maana faili halisemi kidonge ni cha miligramu ngapi.

Mtego mkubwa: Sehemu D inajumuisha pia wagonjwa wa Medicare Advantage wenye mpango wa dawa, Sehemu B haiwajumuishi. Ukigawanya wagonjwa wa opioidi kwa wagonjwa wa Sehemu B unaweza kupata zaidi ya 1. Mafaili haya mawili hayagawanywi moja kwa jingine, kamwe.

Na pia kanuni ya kufuta mistari si ileile. Kwenye faili la dawa, dawa yenye madai chini ya 11 haionekani kabisa, na yenye madai ya kutosha lakini wagonjwa wachache inaonekana huku safu ya wagonjwa ikiwa tupu. Tupu si sifuri. Programu zinazojaza 0 zenyewe zinamfanya daktari aonekane anaandika dawa hewani.

Ingizo la 7: mkojo

80307 ni kipimo cha awali cha dawa kwenye mkojo, kwa mashine. G0480 hadi G0483 ni vya uhakika, kuanzia makundi 1 hadi 7 ya dawa na kuishia 22 au zaidi. Kupima ni sahihi kwa anayepewa opioidi. Tunachotazama ni G0483 kudaiwa karibu kila mara na daktari mwenye maabara yake. Maabara ya nje hudai kwa NPI yake, kwa hiyo kutokuwapo kwa mstari hakumsafishi mtu. Kuonyesha kwamba eneo hili lina fedha nyingi, mwaka 2015 maabara ya Millennium Health ilikubali kulipa dola milioni 256 kumaliza madai ya serikali yaliyohusu vipimo visivyo vya lazima.

Ingizo la 8: malipo ya pembeni

Open Payments ilitokana na sheria ya afya ya 2010. Ukusanyaji ulianza Agosti 2013 na data ya kwanza ikatoka Septemba 2014. Tunaunganisha kwa NPI, au nambari ya wasifu pale NPI inapokosekana. Kwa jina hatuunganishi, majina yanajirudia mno.

Chakula cha mchana cha dola 20 tunakihesabu lakini hatukipi uzito. Ada za kuhutubia na ushauri ndizo tunazozipanga kwa kampuni, kisha tunaziweka kando ya kazi inayolingana: watengenezaji wa vichocheo kama Medtronic, Boston Scientific, Abbott na Nevro kando ya 63650, watengenezaji wa dawa kando ya majina ya dawa katika Sehemu D. Njia hii inaonyesha kilichotokea kwa Subsys, dawa ya fentanili ya kupulizia chini ya ulimi iliyoidhinishwa Januari 2012 kwa maumivu ya saratani. Kampuni yake, Insys, iliwalipa madaktari ada za kuhutubia, baadhi wakaiandika kwa wasio na saratani, na mwanzilishi wa kampuni hiyo John Kapoor akahukumiwa Januari 2020 kifungo cha miezi 66. Jina la dawa lilikuwa kwenye Sehemu D na malipo yalikuwa kwenye Open Payments, yote wazi. Malipo peke yake si ushahidi wa lolote. Mhandisi wa kifaa anahitaji daktari wa kumshauri.

Ingizo la 9: waliofungiwa, na nani hasa alifanya kazi

Orodha ya waliofungiwa husasishwa kila mwezi. Ingizo nyingi za zamani zina NPI ya sifuri kumi, kwa hiyo kwa hizo tunalinganisha jina, jimbo na fani, kisha mtu anasoma kwa macho kabla ya karatasi kutoka. Adhabu za bodi za udaktari za majimbo tunaziangalia kwenye tovuti ya bodi husika, hazina faili moja la nchi nzima.

Lililobaki gumu ni kazi ya wasaidizi. Muuguzi mtaalamu akimwona mgonjwa chini ya usimamizi wa daktari, kliniki inaruhusiwa kudai kwa NPI ya daktari na kulipwa asilimia 100. Akidai kwa NPI yake mwenyewe analipwa asilimia 85. Faili halioneshi tofauti. Daktari mwenye 99214 nyingi kuliko saa za siku huenda ana wauguzi watatu nyuma yake. Tunatafuta NPI za wauguzi wenye anwani moja naye katika rejista: wakiwapo lakini hawana madai au wana machache mno, karatasi inaandika «huenda wingi huu ni wa watu kadhaa», na haitoi alama ya wingi.

Hali ya sasa: karatasi inatoka kwa NPI yoyote, ikiwa na pengo la kilichofichwa, uwiano sita wa sindano, vipimo vitatu vya dawa, na malipo ya pembeni. Kila uwiano unaoneshwa kama nafasi, wenzake wangapi kati ya 100 wako chini yake, na hautoki kama wagonjwa wa kigawanyo hawafiki 30. Kinachofuata ni misimbo mipya ambayo bado haina historia ya kutosha, hasa 64625 ya kuunguza neva za kiungo kinachounganisha mgongo na nyonga na 64624 ya goti zilizoanza 2020, na 64628 ya kuunguza neva ndani ya mfupa wa pingili iliyoanza 2022. Na jedwali la kuunganisha misimbo ya methilpredinisoloni, steroidi nyingine, kwa sababu J1030 na J1040 ziliondolewa 2024 nafasi zao zikachukuliwa na J1010 yenye kipimo cha miligramu 1, na bila jedwali hilo data ya 2024 itaonyesha matumizi yake yakiruka mara nyingi kwa usiku mmoja.